Natafuta ufukwe wenye mawe, natokea Dodoma na watoto na mama mkwe, niende wapi?

MamaKulwa_Mlimwa

Mbukwenyi wapendwa. Naomba mnisaidie mawazo maana hapa nyumbani kila mtu ana lake. Tumepanga likizo ya mwezi wa sita tuwapeleke watoto baharini, mapacha wana miaka saba na dada yao yuko darasa la sita, na safari hii tunaenda na mama mkwe. Yeye kazaliwa Mvumi kazeekea Mvumi, maji makubwa aliyowahi kuyaona ni bwawa la Mtera basi.

Sasa mi sitaki ule ufukwe wa mchanga mtupu, mnakaa kwenye viti mnakunywa soda jua likizama mnaondoka. Kuna video niliziona maji yanapiga kwenye majabali povu linaruka huko juu, pembeni kuna vidimbwi vina samaki wadogo wadogo na kaa, watoto walivyoziangalia wamenisumbua mpaka basi. Baba Kulwa anasema twende Coco tu, ule ufukwe wa Dar, kwa sababu ana ndugu yake Kinondoni tutalala bure. Mdogo wangu anasema Zanzibar kuna sehemu inaitwa Mtende ndo penyewe. Jirani kanitajia kisiwa cha Mbudya, huko huko Dar. Kichwa kimejaa. Hela tumejichanga, si nyingi ila si haba, tukitoa nauli inabaki ya kukaa siku kadhaa kwa kujibana.

Mawe yenyewe sina wasiwasi nayo, hawa ni watoto wa Dodoma, kila jioni wako juu ya majabali huko kilimani peku peku. Wasiwasi wangu ni mama, magoti yanamsumbua. Na je mwezi wa sita bahari inakuwaje?

Kijana_wa_Mtumba

Dada Hombolo kuna ubaya gani, maji yapo, perege wapo, na jioni unalala kitandani kwako 😂😂

Natania. Nilikaa Dar kabla ofisi haijahamia huku, Coco mi naipenda na mawe yapo watu tu hawayaangalii, wote wamegeukia mihogo. Ukifika pale usikae katikati kwenye vurugu, tembea pembeni ya maji, yakiwa yametoka unaona mwamba umelala chini tambarare una mashimo mashimo, hivyo vidimbwi vyako viko humo. Af ukitoka hapo unawapitisha watoto Daraja la Tanzanite liko jirani tu, wanaona bahari toka juu. Ila tafadhali sana nenda siku ya kazi. Jumapili jioni pale Coco ni muziki huku muziki kule, foleni ya magari, bibi wa watu atatamani kurudi Mvumi kwa miguu.

Binti_Makunduchi

Asalaam aleykum, na bibi mpe shikamoo yangu. Mie kwetu ni Makunduchi, Mtende ni kijiji cha jirani, kazi ndo imenileta Dodoma kwenye vumbi hili. Naona mnajibishana wapi wapi wakati kitu cha kuuliza kwanza ni LINI. Na sio mwezi wa ngapi, nakusudia mwezi wa juu mbinguni una siku ngapi.

Ufukwe wa mchanga ukienda saa yoyote mchanga upo. Ufukwe wa mawe ukienda saa mbaya hukuti kitu. Mtende kwa mfano ni kighuba kidogo kati ya majabali, maji yakipwa, yaani yakitoka, unakuta mchanga mweupe, mawe makubwa yamesimama chini membamba juu yamepanuka, watoto wanazunguka humo. Maji yakijaa sana ule mchanga karibu wote unafunikwa, mawimbi yanapiga moja kwa moja kwenye jabali na wewe umebaki juu unatazama. Ni pazuri pia kutazama lakini watoto hawashuki, tena usithubutu kuwashusha.

Sasa sikiliza. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuatia, hilo ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, pwani yetu yanaweza kupishana hadi mita nne hivi kati ya kujaa na kupwa. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Na pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, kisha yanajaa kwenye saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50 hivi. Kwahiyo hata usipokuwa na simu yenye ratiba ya maji, tizama kalenda yenye tarehe za Kiislamu, zile kalenda za ukutani nyingi zinazo. Tarehe 1 mpaka 3 na 14 mpaka 17 ni bamvua. Tarehe 8 na 22 huko ni maji mafu, na hapo inageuka, asubuhi saa nne utakuta maji yamejaa na kupwa ni jioni.

Wewe unataka vidimbwi na samaki, basi panga ufike siku za bamvua, saa tatu asubuhi muwe mshafika, saa sita muwe mnatoka. Ukikata tiketi kabla ya kuangalia mwezi utanilaumu.

Dereva_wa_Bahi

Daah hii ya kalenda ya Kiislamu sijawahi kuisikia na nimeenda Dar mara nyingi tu. Kumbe ndo maana kuna siku nilifika Coco asubuhi nikakuta maji yako mbali, nikajua bahari imekauka 🤣

Ticha_wa_Jiografia

Mama Kulwa naomba nirudi kwenye hiyo sentensi yako ya kwamba mawe huna wasiwasi nayo. Hapo ndipo penye wasiwasi. Nafundisha sekondari hapa mjini na nimewahi kupeleka wanafunzi pwani, watoto wa huku ndio wanaoumia wa kwanza, sababu wanajiamini.

Majabali yetu ya Dodoma ni matale, mawe yaliyopoa kutoka kwenye moto chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, jua na mvua vimeyachubua yakawa mviringo, mtoto anapanda peku na mguu unashika vizuri. Mawe ya pwani ni kitu kingine kabisa. Yale ni matumbawe, yaani viumbe vya baharini vilivyojenga mwamba chini ya maji zamani, mengi ya haya tunayoyaona yalijengeka kama miaka 125,000 iliyopita wakati bahari imesimama mita kadhaa juu kuliko ilivyo leo, baadaye maji yakashuka mwamba ukabaki nje. Ni chokaa. Maji ya mvua na chumvi yanaila chokaa, inabaki na meno kama mbuzi ya kukunia nazi. Mtoto akiteleza pale hachubuki, anakatika.

Na kwanini chini membamba juu mapana kama alivyosema Binti Makunduchi, ni kwa sababu mawimbi na wadudu wanaotoboa mwamba wanakula pale pale maji yanapofikia kila siku. Kwahiyo juu panabaki pameninginia. Usiwaache watoto wasimame ukingoni kabisa kupiga picha, na usitandike mkeka chini ya hiyo kibaraza kisa kuna kivuli. Mara nyingi haitokei kitu, ila vipande huwa vinaanguka, angalia chini utaviona vilivyolala.

Viatu: zile yeboyebo za plastiki zinazoshika kisigino, mnazipata sokoni Majengo kwa bei ya kawaida tu. Malapa hapana, yanatoka mguuni kwenye maji na mtoto anayafuata.

MamaKulwa_Mlimwa

Ticha umenitisha jamani, hapa Doto kashasema ataruka toka juu ya jiwe kama kwenye video. Asante sana aisee. Yeboyebo nanunua kesho.

Binti Makunduchi dada yangu ubarikiwe, nimechukua kalenda ya duka la jirani nimeanza kuhesabu. Ila hujanijibu la mama na magoti. Na mbona kuna mtu kaniambia mwezi wa sita bahari ya Zanzibar imechafuka hakuogeleki?

Mzee_wa_Kunduchi

Huyo aliyekuambia hajakosea sana. Kuanzia mwezi wa nne wa tano hivi mpaka wa tisa ni upepo wa kusi, unavuma toka kusini mashariki, mwezi wa sita na wa saba ndio umekolea. Bahari inakuwa na mawimbi, hewa ina ubaridi kidogo, mvua za masika zimeisha. Kaskazi ni kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, joto kali, na mwezi wa pili hivi maji yanakuwa safi unaona chini. Mtende imeelekea kusini kabisa, kusi inaigonga usoni. Kwa mtu mwenye watoto wa miaka saba mimi ningesema waende Mbudya. Boti zipo upande wa Kunduchi, ni mwendo mfupi, kisiwa kina mwamba wa tumbawe pembeni, kina mchanga upande mmoja, na mibuyu ipo, bibi atajiona yuko nyumbani. Na kwa kuwa ni hifadhi ya bahari tangu 1975, hiyo na visiwa jirani vya Bongoyo na Pangavini na Fungu Yasini, samaki kwenye miamba bado wapo. Kuna kiingilio, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, beba kitambulisho.

Binti_Makunduchi

Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu lakini hapo kwa bibi mwenye magoti sikubaliani nawe. Boti za Mbudya hazina gati la maana, unapanda ukiwa ndani ya maji na kushuka vivyo hivyo, wimbi likiwepo boti inacheza. Sisi tunaruka. Bibi wa miaka hiyo atashikwa mikono na vijana wawili na khanga yote imeloa, hatafurahi.

Kuhusu kusi ni kweli Mtende inapigwa, sikatai. Ndo maana nikasema waende maji yakipwa, wakati huo mawimbi yanavunjikia mbali, na saa sita watoke. Mwezi wa sita maji yakijaa pale watoto wasikaribie kabisa, ila kwa kutazama povu ndio msimu wenyewe, hilo povu la kwenye video halipatikani mwezi wa pili bahari ikiwa kimya. Mtende kuna ngazi za kushuka, bibi sio lazima ashuke, juu kuna pa kukaa na anaona kila kitu.

Lakini mngeniuliza mie pa kumpeleka bibi ningesema Michamvi Pingwe, upande wa mashariki. Kule ni tambarare, gari inafika karibu, na mwamba wa nje unazuia mawimbi kwahiyo ndani maji yametulia hata wakati wa kusi. Kuna lile jiwe moja limesimama peke yake baharini juu yake kuna mgahawa, maji yakipwa mnaliendea kwa miguu mchangani, yakijaa mpaka boti. Kula humo ndani ni bei za watalii msijaribu 😅 piga picha nje kaleni samaki kijijini. Maji yakipwa upande huo yanakimbia mbali sana, mtaona kina mama wako kwenye mashamba ya mwani na wengine wanatafuta pweza mwambani kwa kijiti. Salimieni kwanza, msimpige mtu picha bila ruhusa, na msikanyage kamba za mwani, ile ni kazi ya mtu. Dada mkubwa na wewe pia mjifunge khanga mkipita kijijini, nguo ya kuogea ni ya baharini.

Dereva_wa_Bahi

Upande wa nauli niongezee maana hapo ndo hela inapotea. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwezi wa saba 2024 daraja la kawaida lilikuwa elfu 31 mtu mzima, watoto kuanzia miaka minne mpaka 12 nusu yake, angalia bei ya sasa kabla hujapanga bajeti. Kwa basi Dar unatumia siku nzima, kwa treni ni kama masaa manne hivi, na hayo magoti ya mama ndo nauli yenyewe unayolipia, anaweza kusimama akanyoosha miguu. Likizo za shule tiketi zinaisha mapema, kata kwenda na kurudi kwa pamoja. Vitambulisho vya wakubwa wote msisahau, kwenye treni wanauliza na kwenye boti ya Zanzibar wanauliza.

Stesheni ya Dar haiko mbali na bandari ya boti, ila mizigo na bibi chukueni bajaji. Boti ziendazo kasi zinatumia kama masaa mawili. Kipindi cha kusi boti inayumba, watu wanatapika sana nisikudanganye, asubuhi mapema huwa afadhali. Watoto wasile chipsi mayai kabla ya kupanda. Na ile bima ya dola 44 mnayoisikia ya kuingia Zanzibar ni ya wageni kutoka nje ya nchi, asije mtu akawatoza nyie.

Kushoto kulia pale bandarini watakuja vijana wa kukusaidia tiketi, nenda dirishani mwenyewe.

Kijana_wa_Mtumba

Kwahiyo Coco imetupwa kapuni hivi hivi? Ndugu wa Kinondoni yupo, kulala bure, mihogo ya kukaanga na pilipili na kachumbari! Mama Kulwa wanakupeleka mbali hawa. Gawa siku. Mkishuka kwenye treni laleni Kinondoni, kesho yake asubuhi siku ya kazi nendeni Coco maji yakiwa yametoka, watoto wajifunze kutembea kwenye mawe ya kule karibu na watu. Af ndo mvuke kwenda Zanzibar. Hata bibi anazoea bahari kidogo kidogo.

Ticha_wa_Jiografia

Kijana hapo umesema jambo la maana kwa mara ya kwanza 😄 Kwa kweli mwamba wa Coco ni wa kujifunzia mzuri, hauna urefu. Niongeze machache ya usalama yaliyobaki.

Mwamba wenye rangi ya kijani unateleza kuliko sabuni ya maji kwenye sakafu ya simenti, watoto wapite penye rangi kavu ya kijivu. Wasitie mkono kwenye shimo wasiloona ndani. Wale viumbe vya duara vyeusi vyenye miiba mirefu wanakaa kwenye vidimbwi, mwiba wake unakatikia ndani ya nyama. Yupo pia samaki anayefanana na jiwe kabisa, haonekani, ana sumu kwenye miiba ya mgongoni, ni nadra ila akimchoma mtu ni maumivu makali sana, mguu unatumbukizwa kwenye maji ya moto ya kuvumilika na safari ya hospitali inaanza hapo hapo. Mtu akikatwa na tumbawe aoshe kwa maji safi na sabuni siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo, vidonda vile huwa vinachelewa kupona.

Na mkubwa mmoja kazi yake iwe kuangalia bahari tu. Asipige picha, asichati. Maji yakianza kurudi yanaingia kwanza kwenye mifereji ya nyuma yenu, mnaweza kuwa mmesimama kwenye mwamba mkavu kumbe njia ya kurudia imeshafunikwa.

Binti_Makunduchi

Hilo la mifereji Ticha umelisema vizuri, hata sisi wenyeji linatukuta. Na mwiba wa yule mweusi kwetu wanapaka utomvu wa papai bichi, mie nimepakwa utotoni sana tu.

MamaKulwa_Mlimwa

Jamani nimekaa na Baba Kulwa tumekubaliana. Tunaenda siku mbili Kinondoni, Coco asubuhi siku ya kazi, halafu Zanzibar, Pingwe na mama, na Mtende tukiona bahari inaruhusu. Nimehesabu kwenye kalenda, mwezi ukiwa mpevu ndo tunakuwa Coco, siku ya pili yake tunavuka, kwahiyo tukifika Pingwe itakuwa tarehe 17 hivi ya Kiislamu, maji yatakuwa yanapwa saa sita sita mchana, niko sawa dada? Baba Kulwa ndo mlinzi wa bahari, nimeshamwambia simu ataniachia mimi.

Swali la mwisho. Mama mkwe anataka kubeba maji ya bahari kwenye dumu la lita tano awapelekee wenzie Mvumi, anasema ni dawa ya miguu. Na watoto wanataka makombe. Inaruhusiwa?

Binti_Makunduchi

Saa sita uko sawa, saa sita na nusu huko, fikeni saa nne mtembee na maji yakitoka. Kutoka mjini kodini gari, nyie ni wengi gharama mnagawana. Mkienda Mtende peke yenu bila bibi basi gari za Makunduchi namba 310 zipo, mtauliza.

Maji bibi achote tu, bahari hailindwi na mtu. Afunge dumu vizuri na aliweke wima, likimwagika kwenye begi la mtu ndani ya treni ni kesi. Makombe waacheni, kaa wadogo wanahamia humo, na ndani ya hifadhi kuokota ni kosa. Wakiyaona yanauzwa barabarani yale makubwa yanayong'aa msinunue pia, wengi wanayatoa yakiwa hai.

Kijana_wa_Mtumba

Lita tano? Mwambie abebe kumi, na mimi magoti yameanza 😂 Mkirudi tuleteeni picha za Doto na hizo yeboyebo.